Mtungi Uliozikwa Hadi Shingoni

Fumbeni macho kidogo. Na wewe pale nyuma, fumba yote mawili, nakuona unavyochungulia kwa la kushoto.

Haya. Oneni uwanja. Uwanja mkavu, mweupe, umefagiliwa mpaka unang'aa kama sahani. Jua limesimama katikati ya mbingu na halina haraka ya kwenda popote. Hakuna kivuli. Kuku wamepotea, wameingia ndani kwa watu. Katikati ya uwanja amesimama mtu mmoja, kilemba kichwani, jembe mkono huu, kata ya maji mkono huu, anaitazama ardhi kama vile imemtukana. Mjusi anapita. Anamtazama yule mtu. Anatikisa kichwa, anakwenda zake.

Sasa fumbueni macho mnitazame mimi. Yule mtu wa uwanjani ndiye huyu hapa.

Msicheke bado. Ngojeni tufike mahali pa kucheka, ni pengi.

Paukwa!

"Pakawa!"

Hao wa mlangoni wamenong'ona. Paukwa!

"PAKAWA!"

Hapo ndipo. Zamani hizo ni za kale kiasi hiki: meno yangu yote yalikuwa bado mahali pake. Palikuwa na kijiji katika nchi kame, nchi ambayo mvua ikipita watu hutoka nje kuitazama kama mgeni. Watu wake walifuga ngamia na mbuzi. Walikunywa maziwa, walikula nyama, walikula uji wa mtama. Wakataka mwalimu wa kuwafundisha watoto wao kusoma. Wakatuma ujumbe mbali, mpaka nchi ya mto. Huko mtoni wakanipata mimi.

Nilikuja na mbao za kuandikia, na mke wangu Sikudhani, na maneno mengi mno.

Katika maneno hayo yalikuwamo matatu niliyoyapenda kuliko yote. Niliwafundisha watoto siku ya kwanza kabisa. Nilichora mmea ubaoni kwa mkaa: mzizi, shina, jani. Nikauliza, "Mmea unahitaji nini?" Nao wakajibu. Hebu nanyi jibuni nilivyowafundisha wao. Mmea unahitaji nini?

"Jua, maji, hewa!"

Vizuri sana. Kumbe mimi mwenyewe sikuwahi kupanda hata kitunguu. Kwetu mtoni mama yangu ndiye aliyelima. Mimi nilikuwa mtoto wa vitabu, nikitumwa bustanini nilijificha.

Basi tukakaa. Mwaka ukapita. Sikudhani akashika mimba. Ilipofika miezi minne, chakula kikamshinda. Maziwa akiyaona anageuza uso. Nyama akiinusa anakimbilia nje. Akawa anakonda huku tumbo linakua. Siku moja nikamkuta anabandua udongo ukutani, anautafuna.

Nikamwambia, "Sikudhani, unakula nyumba?"

Akasema, "Nataka mchicha."

"Mchicha?"

"Mchicha, Mwalimu. Wa kuchemsha. Na chumvi. Nauota, nikiamka mdomo umejaa mate."

Mchicha na kijiji kile ni kama samaki na jangwa.

Akaniambia, "Miezi mitatu ijayo msafara wa ngamia utapita hapa, unakwenda mtoni. Nitapanda. Nitakwenda kuzalia kwa mama, ndivyo desturi yetu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Lakini nikuambie kweli, mume wangu. Nikishafika kwenye mchicha, sijui kama miguu yangu itakubali kunirudisha huku."

Alilisema taratibu, bila ugomvi. Ndiyo maana lilinitisha. Mke akipiga kelele, kuna nafuu. Yeye alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Nikasimama. Nikatunisha kifua. Nikasema, "Kabla msafara haujafika, utakula mchicha uliotoka katika uwanja huu. Kwani mimi si mwalimu?"

Sikudhani akafungua pindo la kanga yake. Ndani ya pindo palikuwa na kifundo. Ndani ya kifundo palikuwa na mbegu za mchicha, ndogondogo, nyeusi, alizopewa na mama yake siku ya kuagana. Hazikuzidi kiganja cha mtoto. Akazigawa mafungu matatu. Akanipa fungu moja.

"Ni hizi tu," akasema. "Zikiisha, zimeisha."

Nikachagua mahali. Nani atanikumbusha, la kwanza ni nini?

"Jua!"

Jua! Basi nikachagua mahali penye jua kuliko pote: mbele ya nyumba, upande wa magharibi, pasipo na mti wala ukuta wala huruma. Nikakumbuka mama alivyokuwa akiinua matuta marefu ili maji yasisimame yakaozesha mizizi. Kwetu mvua ilikuwa ikinyesha siku tisa mfululizo. Hapa haijanyesha tangu nifike. Mimi nikainua matuta vilevile. Katu! Katu! Katu! Matuta manne, marefu, mazuri, yamenyooka kama mistari ya daftari.

Asubuhi hiyo akapita Bi Dahabo.

Huyu Bi Dahabo ndiye hasa mwenye hadithi, mimi ni mpumbavu wake tu. Alikuwa mfinyanzi wa kijiji, bibi mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka kwa sababu ya kubeba udongo kichwani miaka sitini. Mitungi yote ya maji ya kijiji ilitoka mikononi mwake. Hakuwa na maneno mengi. Kila asubuhi alipita kwangu akitoka mkondo mkavu kuchimba udongo.

"Shikamoo, Bi Dahabo."

"Marahaba. Unajenga nini, Mwalimu? Makaburi?"

"Matuta, Bi Dahabo! Ya mchicha. Maji yasije yakasimama."

Akatazama matuta. Akatazama mbingu, mbingu tupu, hakuna hata wingu la kusingizia. Akasema, "Haya, Mwalimu." Akaenda zake.

Nikasia mbegu juu ya matuta. La pili?

"Maji!"

Mchana, jua likiwa utosini, ndipo nilipohisi huruma na mbegu zangu. Nikachukua kata. Chwa! Chwa! Chwa! Na ardhi ikajibu: fyooo. Maji yakaingia, yakapotea, tuta likakauka kabla sijageuka. Na hewa? Hewa tulikuwa nayo nyingi kuliko tulivyohitaji. Alasiri upepo ulikuja, vuuuu, ukaparamia matuta yangu, ukayalamba kama ng'ombe alambavyo chumvi.

Nikangoja siku tatu. Hakuna. Siku saba. Hakuna. Siku kumi na nne nikapiga magoti na kuweka jicho juu ya udongo. Hakuna.

Jirani yangu Abarufa, mfuga ngamia, alikuwa akija kila jioni kuegemea ua wangu. Mtu mwema, lakini ulimi wake haukulala. Akaniuliza, "Mwalimu, umepanda nini?"

"Mchicha."

"Nauona umekuwa mrefu. Mimi tu macho yangu mabovu."

Nikamwendea Sikudhani. Akafungua pindo, akanipa fungu la pili. Alikuwa na kipande cha ukuta shavuni.

Mara hii nikasema, tatizo ni mbolea. Nikaenda zizini kwa Abarufa, nikabeba samadi ya mbuzi. Mbichi. Inatoa moshi. Nikasema, kama mbolea ni nzuri, basi iliyo mpya ni nzuri zaidi, kama mkate. Nikaijaza kwenye matuta mpaka kijiji kizima kikajua upepo unatoka kwa nani.

Akapita Bi Dahabo. Akaziba pua kwa ushungi. "Haya, Mwalimu."

Safari hii ziliota! Mimea saba! Nikawaita watoto wote waje waone. Tukaimba kuizunguka. Kesho yake ikawa ya njano. Keshokutwa ikawa kahawia. Siku ya nne ilikuwa imeungua kama nywele zilizopita karibu na moto, na watoto wakaniuliza, "Mwalimu, sasa tuimbe wimbo gani?"

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Kuna jambo nimelisahau, na ni kubwa.

Mimi nilikuwa mtu wa usafi. Katika kijiji kile uwanja uliofagiliwa ulikuwa heshima ya nyumba. Uwanja wenye takataka maana yake mna mgonjwa au mna uvivu. Basi kila alfajiri niliamka kabla ya Sikudhani. Nilikwenda nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kwenye jiwe langu la kutawadhia. Nikatawadha, nikasali. Halafu nikashika ufagio. Pale penye jiwe, karibu na ukuta, kila siku palikuwa na vijani vidogo vidogo vimechipua kwenye unyevu. Vidogo kama punje ya mchele. Magugu! Nikavikwangua kwa ukucha, nikavikusanya na vumbi, nikavitupa kwenye rundo la takataka pembeni. Kila alfajiri. Nikafagia. Fya, fya, fya. Nikarudi mbele ya nyumba kuangalia kama mchicha wangu umeota.

Naona huyu mkubwa ameanza kutabasamu. Nyamaza, mwanangu, usiwaharibie wenzako.

Fungu la tatu nililipanda. Bila samadi. Matuta yaleyale. Jua lilelile, upepo uleule. Chwa, chwa, chwa. Fyooo. Hakuna.

Ukabaki mwezi mmoja msafara ufike. Sikudhani akafungua pindo la kanga, akalikung'uta mbele yangu. Halikutoa kitu. Akaanza kukunja nguo zake, moja baada ya moja, akaziweka kwenye kikapu cha safari.

Asubuhi ile alipopita Bi Dahabo, si mimi niliyemsimamisha. Mimi nilijifanya natengeneza jembe. Sikudhani ndiye aliyetoka mlangoni, ameshika tumbo, akasema, "Bibi, tafadhali. Ingia kwetu unywe chai."

Bi Dahabo akashusha udongo wake. "Nilidhani hamtaniita mpaka nife," akasema.

Akaomba kigoda. Akaomba chai. Akakaa.

Nami nikamweleza. Nilimweleza mzizi, shina na jani. Nilimweleza jua, maji na hewa. Nilimweleza mama yangu alivyokuwa akifanya. Akasikiliza yote, anapuliza chai. Nilipomaliza akasema, "Haya, Mwalimu," akasogeza kigoda hatua moja.

Nikangoja. Baada ya muda akasogeza kigoda tena. Akaketi upande wa magharibi wa nyumba wakati wa asubuhi. Jua lilipopanda akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta, yumo upenuni amekunja miguu. Jua lilipovuka akainuka na kigoda chake, akazunguka nyumba, akaketi upande wa mashariki. Akaomba chai nyingine.

Nikamnong'oneza Sikudhani, "Huyu bibi amekuja kutusaidia au amekuja kumaliza majani ya chai?"

Bi Dahabo akasema kutoka nyuma ya nyumba, "Nina miaka mingi, Mwalimu, lakini masikio ni yaleyale niliyozaliwa nayo."

Nikaenda, nimeinamisha kichwa. "Samahani, Bi Dahabo. Lakini umekaa kutwa nzima. Hujaangalia hata tuta moja."

"Nilikuwa namtafutia mgeni wenu mahali pa kukaa."

"Mgeni gani?"

"Mchicha. Huyo ni mgeni hapa, tena ametoka kwenye maji. Kule mbele ulikompanda, mimi saa nane mchana siwezi kukaa, na ngozi yangu ni kavu kama kiatu. Jani litakaaje?"

Nikachuchumaa mbele ya kigoda chake.

"Hapa," akasema, akigonga ardhi kwa kisigino, "asubuhi jua linafika likiwa bado na adabu. Mchana likikasirika, ukuta unalizuia. Hapa ndipo ningekaa kama ningekuwa jani."

Alikuwa ameketi karibu na jiwe langu la kutawadhia. Akainamisha macho kutazama unyevu wa pale. Halafu akatazama pembeni, kwenye rundo la takataka. Akanyoosha mkono, akachomoa kitu kidogo kilichonyauka, cha alfajiri ileile. Akakisugua vidoleni. Akakinusa. Akakitia mdomoni.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Takataka, Bi Dahabo. Magugu."

"Yanaota hapa?"

"Kila siku! Nayang'oa kila siku. Mimi sipendi uchafu."

"Tangu lini?"

Nikahesabu kwa fahari. "Karibu tangu nilipoanza bustani. Kama miezi miwili hivi. Sijakosa hata siku moja."

Bi Dahabo akaweka kikombe chini. Mabega yakaanza kutikisika. Kwanza sikusikia sauti. Halafu ikaja, kwekwekwe, kama kuku aliyetaga, ushungi ukaanguka, machozi yakamtoka, akajishika ukutani. Nikadhani bibi wa watu ananifia uwanjani.

"Sikudhani!" akaita alipopata pumzi. "Njoo, mwanangu. Njoo uonje takataka za mumeo."

Sikudhani akaja pole pole. Akapokea kile kijani. Akakigeuza. Kishina chekundu. Majani mawili, membamba. Akakitazama muda mrefu.

Hakucheka. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Mume wangu," akasema. "Huu ni mchicha."

Watoto, upepo! Upepo ule wa alasiri ulizichukua mbegu juu ya matuta yangu mazuri yaliyonyooka. Ukazizungusha nyumba. Ukachoka nyuma ya ukuta, ukazitua pale penye jiwe. Pale palikuwa na kivuli cha mchana. Pale nilimwaga maji mara tano kwa siku bila kujua ninamwagilia. Mchicha ukaota, ukaota, ukaota tena. Na mtu wa elimu akaamka kila alfajiri kuung'oa, kisha akaenda upande wa pili kuutafuta.

Sasa chekeni. Hapa ndipo.

Mmemaliza? Mimi siku hiyo sikucheka. Nilitazama kikapu cha safari kupitia mlango. Nilitazama pindo la kanga lililo tupu. Nikasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, "Bi Dahabo, sijui. Nifanye nini?"

Akafuta machozi ya kicheko. Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja tangu siku ya makaburi," akasema. "Lete jembe."

Akanionyesha. Hatukuinua tuta hata moja. Tulikwenda chini. Kando ya jiwe tukachimba beseni pana, kina chake kama kiganja na nusu, kingo zimeinuka kuzunguka ili tone likiingia lisitoke, na upepo upite juu bila kugusa. Ule udongo wa juu wa penye jiwe, wenye mbegu zilizobaki, tuliukwangua kwanza tukauweka kando kwenye ungo, kama unga wa sikukuu. Akanituma kwenye zizi lililohamwa zamani, nikaleta samadi kuukuu, nyeusi, isiyonuka kitu, inayovunjika vidoleni kama udongo. Tukaichanganya.

Halafu akaenda kwake, akarudi na mtungi. Mtungi mpya, haujapakwa kitu, ule unaotoka jasho ukitiwa maji. Akauweka katikati ya beseni. Akaanza kuufukia.

"Bi Dahabo! Mtungi mzima!"

Akaufukia mpaka shingoni. Ukabaki mdomo tu juu ya ardhi, kama mtu anayeoga mtoni. Akaujaza maji, akaufunika kwa kibao.

"Mtungi unatoka jasho," akasema. "Ukiwa nyumbani, jasho linachukuliwa na upepo. Ukiwa ardhini, jasho linachukuliwa na mizizi. Wewe jaza tu. Usimwage juu. Jua lisijue kama kuna maji."

Akarudisha ule udongo wa kwenye ungo juu, kwa vidole, kama anayenyunyiza chumvi.

Jioni akaja Abarufa, akaegemea ua. Akaona mdomo wa mtungi unatoka ardhini. Akavua kofia.

"Poleni na msiba," akasema. "Marehemu alikuwa mgonjwa muda mrefu?"

"Nenda zako, Abarufa."

"Nauliza tu kama mnataka tumsomee dua, au mnangoja afe kabisa. Naona bado anapumua."

Kabla ya kwenda, Bi Dahabo alinitaka nimpe ufagio. Nikampa. Akauweka kwapani.

"Nitaurudisha nikiona majani manne manne," akasema. "Kwa sasa usifagie huku, usikwangue, usiguse. Tawadha, jaza mtungi, ondoka."

Jamani, hilo lilikuwa gumu kuliko kuchimba. Vumbi likajaa. Vinyesi vya mbuzi vikajaa. Nyasi moja kavu ilikaa mlangoni siku tatu inanitazama. Wazazi wakaleta watoto kwangu kusoma, wakaona uwanja, wakaulizana kwa macho. Mmoja akaniletea mchuzi wa mgonjwa. Mikono ilinivuta. Usingizini nilikuwa nafagia.

Nikatawadha. Nikajaza mtungi. Nikaondoka.

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya nne Sikudhani alikwenda kabla yangu. Nikamsikia ananiita, si kwa "Mwalimu," bali kwa jina langu la nyumbani, ambalo siwaambii. Nikakimbia. Amepiga magoti pembeni ya beseni, mdomo kaufunika kwa mkono.

Kumi na tatu. Vijani kumi na tatu, vidogo kama punje ya mchele.

Nikainama. Nikaviangalia mpaka mgongo ukauma. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuviona, ingawa nilikuwa nimeving'oa zaidi ya mara hamsini.

Vikakua. Majani mawili, majani manne. Ufagio ukarudi. Tukatundika mkeka mkuukuu juu yake siku za joto kali. Tukazungusha miiba kwa ajili ya mbuzi wa Abarufa, ambao walikuja kila siku kuuliza hali.

Na msafara ukaja. Tuliusikia kabla hatujauona: kolo, kolo, kolo, kengele za mbao shingoni mwa ngamia. Umewahi siku nne. Mchicha ulikuwa haujafika hata goti la mtoto.

Kiongozi wa msafara akampigisha magoti ngamia mmoja mbele ya mlango wetu. Kikapu cha Sikudhani kilikuwa tayari. Mimi nikazunguka nyumba, nikavunja ncha za mimea, ncha tu kama Bi Dahabo alivyonionyesha, zikajaa kiganja kimoja. Nikazichemsha kwa maji kidogo na chumvi. Zikanywea, zikawa tonge. Tonge moja! Miezi mitatu ya kazi, matuta manne, samadi vikapu sita, mtungi mmoja uliozikwa, na mwalimu mzima, vyote vikawa tonge moja kwenye sahani.

Nikamletea. Abarufa yupo uani. Bi Dahabo yupo, na udongo wake kichwani. Ngamia yupo, anatafuna, ananidharau.

Sikudhani akalitazama tonge. Akalichukua kwa vidole vitatu. Akatia mdomoni, akafumba macho. Akatafuna taratibu. Kisha akalamba vidole, kimoja, cha pili, cha tatu. Akafuta sahani kwa kidole, akakilamba na hicho.

Akafumbua macho. Akamgeukia kiongozi wa msafara.

"Baba, nenda salama," akasema. "Mwambie mama siji. Mwambie aje yeye, mtoto atazaliwa hapa. Na alete mbegu, nyingi, maana huyu bwana sasa amejifunza pa kuzipanda."

Ngamia akainuka bila mtu. Mimi nikakibeba kikapu cha safari, nikakirudisha ndani.

Abarufa akashindwa kuvumilia. Akazunguka nyumba mpaka kwenye beseni, sisi nyuma yake, akachungulia, akaona kijani kweli. "Wallahi!" akasema. "Nani kapanda huu?"

Nikamtazama Bi Dahabo. Nikajua sasa nimekwisha. Itatoka habari ya magugu, itazunguka visimani, watoto wa kijiji kile wataicheka mpaka wazeeke.

Bi Dahabo akautengeneza mzigo wake kichwani.

"Mwalimu ndiye aliyepanda," akasema. "Nani tena?"

Ilikuwa kweli, kila neno. Akaenda zake.

Hakumwambia mtu. Si siku hiyo, si mwaka huo. Watu wakaja kwangu kuuliza pa kupanda, nami nikawaonyesha upande wa mashariki, beseni, samadi kuukuu; na mtungi wakaenda kuuchukua kwake. Hakuna aliyetoka kwake ameambiwa lile la ufagio. Mama mkwe akaja mimba ikiwa mwezi wa nane, na kifundo kikubwa cha mbegu. Akazunguka nyumba, akasema, "Mkwe wangu, mbona huku hapajafagiliwa?" Bi Dahabo alikuwapo, anakunywa chai. Akakohoa tu. Mtoto akazaliwa salama, msichana. Ndiye mama yake huyu aliyelala mapajani mwangu na kunilowesha mate.

Bi Dahabo alifariki katika usingizi wake, mikono ina udongo kwenye kucha. Siku ya maziko yake nilitaka kusema mbele ya watu, maneno yakanikataa, mimi mtu wa maneno. Basi nikaenda nyuma ya nyumba, nikaujaza mtungi.

Tuliolijua lile jambo tulikuwa watatu. Wawili wametangulia, na aliyebaki ni mimi. Bi Dahabo alinihifadhia aibu yangu mpaka ikaiva, nami leo nimeichuma mwenyewe nikawagawia. Haina uchungu tena, naona mmeila vizuri.

Mafunzo yake? Mgeni mtafutie kivuli. Maji yapeleke chini. Na kusema "sijui" kuliokoa nyumba yangu, wakati kujua kwangu kote kulikaribia kuibomoa. Hadithi yangu imechuma jani la mwisho, imeishia hapo.

Lakini kabla hamjainuka, wanangu, nawaomba kitu kidogo. Mengine yote mkiyasahau si neno, nitawasimulia tena. Mkumbuke hili moja tu: siku mtakapotaka kung'oa kitu mkidhani ni takataka, inameni kwanza mkiangalie.

Haya, nendeni mkatawadhe. Na mjue maji yanamwagika wapi.